Waya wa baba mdogo

Basi lilisimama Katunguru, magharibi mwa Uganda, kabla tu ya daraja, na akina mama wakalizunguka na mabeseni yao. Ngege wa kukaanga, wamepangwa duara, mikia juu. Nilikuwa dirishani napatana bei na mmoja wao, jirani yangu wa kiti akanigusa bega. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, amepanda Mpondwe, na simu yake aliileta karibu na pua yangu.

"Ona huyu simba, kaka. Iko na miguu tatu!"

Video niliijua, na nadhani hata wewe unaijua. Kamera ya joto, imepigwa kutoka juu, maji meusi, na viumbe viwili vyeupe vinaogelea vikifuatana.

"Ni hapa," nikamwambia. "Maji hayo ndiyo haya hapa chini."

Akachungulia nje. Akatazama maji, akatazama simu, akatazama daraja. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: "Mbona hakupita kwenye daraja?"

Mama wa samaki alikuwa amesikia. "Apite hapa ili iweje? Tumuuzie samaki?"

Basi zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikalipa, tukaondoka. Mpaka tunafika Bushenyi samaki alikuwa bado mapajani mwangu, amefungwa gazeti, sijamgusa.

Hiyo ni wiki tano zilizopita.

Bora mamba

Kwa wachache ambao habari hii iliwapita: simba huyo anaitwa Jacob, na mwenzake ni ndugu yake, Tibu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 waliingia kwenye Mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, wakageuka. Wakaingia tena, wakageuka tena. Mwishowe wakavuka. Watafiti waliokuwa wakiwafuata kwa droni walikadiria kwamba waliogelea kama kilomita moja na nusu, na aliyewahi kupanda mashua pale Mweya anajua mfereji ule umejaa nini: viboko ukutani hadi ukutani, na mamba. Saa chache kabla walikuwa wametoka kupigwa na madume wengine. Inadhaniwa walikuwa wanatafuta majike.

Watafiti hao waliandika pia kuhusu daraja. Lipo, halina shida yoyote, ila lina watu.

Nimevuka daraja lile tangu nikiwa mtoto, sijui mara ngapi. Haijawahi kunijia kwamba kuna mnyama anaweza kulitazama kwa mbali, akanipima mimi na mamba, akaona bora mamba.

Na Jacob ana sababu. Nyati alishampiga. Simba wa familia yake waliuawa kwa sumu. Alinaswa na waya, akapona. Halafu mwaka 2020 akakanyaga mtego wa chuma, na huo ukaondoka na mguu wake wa nyuma. Si yeye peke yake aliyepata ya kumpata kwenye hifadhi ile ya Malkia Elizabeth. Mwaka 2018 pale Hamukungu waliokotwa simba 11 wamekufa kwa sumu, wanane kati yao watoto. Mwaka 2021 kule Ishasha walikutwa sita, wamekatwa vichwa na makucha.

Video ilipotoka mwaka 2024 nilifanya mlichofanya wengi. Niliiweka kwenye stetasi na bendera ya Uganda, nikaandika "Shujaa." Rafiki yangu Mganda wa ukoo wa Mpologoma, yaani ukoo wa simba, akanijibu: "Heshimu, huyo ni ndugu yangu." Ndugu yake huyo hajawahi kumwona ila kwenye bustani ya wanyama ya Entebbe, nyuma ya wavu, lakini sikumtania. Mtu na muziro wake, mnyama wa ukoo wake.

Mimi pia nilikuwa na ndugu katika habari ile, ila alikuwa upande wa pili. Nilijua tangu siku ile ya kwanza, nikaweka bendera juu yake.

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha

Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa shaba wa Kilembe. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, lugha ya shimoni, ambako Mkonzo, Mkiga, Mlugbara na Mkongo walitakiwa wasikizane kabla mwamba haujawaangukia. Mgodi ulipofungwa mwaka 1982 baba alirudi kijijini, chini ya milima upande wa Kikorongo, na watoto sita na redio. Redio iliuzwa kwanza.

Aliyetulisha ni mdogo wake.

Baba mdogo alikuwa na tairi za lori nyuma ya nyumba. Nani alimpa sijui, ila hazikuisha. Tairi unalichoma polepole mchana, moto mdogo, maana moshi wa mpira mweusi unaonekana mbali. Mpira ukishaisha kuungua, kwenye ile mizingo ya tairi inayokaa kwenye rimu hubaki waya, nyuzi nyingi za chuma zilizolala pamoja. Unazitoa moja moja zikiwa bado za moto kidogo. Zimejikunja duara la tairi na hazitaki kutoka katika duara hilo.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na kazi yangu ilikuwa kunyoosha. Kulikuwa na mti wa mpera uani. Unazungusha waya kwenye shina mara moja, unashika ncha mbili, unavuta huku na huku kama mtu anayekata mti kwa msumeno, mpaka waya usahau kwamba uliwahi kuwa tairi. Gome la mpera lile lina alama zangu hadi leo. Baada ya hapo yeye husokota nyuzi tatu au nne pamoja, hupaka tope ili harufu ya moshi ipungue, na kukunja jicho dogo kwenye ncha moja. Ncha ya pili inapita katika jicho hilo. Ndilo tanzi lenyewe, hakuna kingine. Huhitaji shule.

Mikono yangu ilinuka mpira siku mbili nzima. Darasani mwalimu wa hesabu alikuwa akinipita, anasimama kidogo, halafu anaendelea. Hakuuliza. Nadhani naye Jumamosi alikula.

Maana Jumamosi usiku ndipo baba mdogo aliporudi na gunia. Mara nyingi alikuwa kobu, yule swala mwekundu anayesimama upande wa kushoto wa nembo ya taifa, akitazamana na korongo. Nimemla mnyama wa nembo ya nchi yangu kwa posho, yaani ugali, na chumvi ya Katwe, na sitadanganya hapa kwamba hakuwa mtamu. Nusu ya nyama iliuzwa kabla hakujapambazuka. Ile pesa ndiyo karo yangu. Daftari, sare, mtihani wa darasa la saba, vyote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alinisomesha, jibu la kweli ni waya.

Kumsalimia Malkia

Alipokuwa anaondoka usiku baba mdogo alimwambia mkewe, "Naenda kumsalimia Malkia." Wakati huo hifadhi wala haikuitwa hivyo. Ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, mwaka 1954 Malkia Elizabeth akaja kuitembelea ikapewa jina lake, Amin akaibatiza Ruwenzori, na jina la Malkia likarudi rasmi mwaka 1991. Baba mdogo hakuwahi kubadilisha. Serikali zilikuja na vibao vyao, yeye aliendelea kumsalimia Malkia.

Wazee wa kwetu wakianza kuzungumzia mpaka wa hifadhi, andaa chai. Watakwambia kuhusu malale, ugonjwa wa mbung'o, ambao mwanzoni mwa karne iliyopita uliua watu kando ya maziwa haya, na wakoloni wakawahamisha waliobaki. Nchi ikawa tupu, nyasi zikapanda, wanyama wakaongezeka. Miongo michache baadaye mtu akaitazama akasema, tazama pori hili ambalo halijaguswa na binadamu.

Nilipokuwa chuo hoja hii niliipenda sana. Niliitumia kama sabuni. Ardhi ilikuwa yetu, kwa hiyo baba mdogo si jangili, kwa hiyo mikono yangu haina harufu. Ni hoja yenye ukweli ndani yake, na hilo ndilo tatizo lake, maana inaweza kusafisha hata kile isichokihusu. Kobu aliyekaa siku mbili na tanzi shingoni hakujua habari za malale.

Na tanzi halichagui. Lilitegwa kwa ajili ya kobu, linakamata anayepita. Kule Budongo na Kibale kuna sokwe wanaotembea na viganja vilivyolemaa au vilivyokatika, na hakuna aliyekwenda msituni kutafuta kiganja cha sokwe. Alikwenda kutafuta paa. Mwaka 2020 kule Bwindi sokwe mkubwa wa mlimani aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki, na mtu aliyemuua alijitetea kwamba alikuwa amefuata wanyama wadogo tu. Alifungwa miaka kumi na mmoja.

Haya yote nayajua. Nimeyajua kwa miaka. Lakini kuyajua na kwenda kukaa mbele ya baba mdogo na kumwuliza ni safari mbili tofauti, na ile ya pili nilikuwa naikwepa tangu mwaka 2024.

Wiki ya tatu baada ya basi lile, nikaenda.

Mgeni wa usiku

Nilifika jioni. Baba mdogo alikuwa amelala mapema, mgongo unamsumbua, na mama mdogo alikuwa anajiandaa kwenda shambani. Sikuelewa kwa nini mtu wa umri wake anakwenda shambani saa mbili usiku mpaka nilipoona debe, tochi na blanketi.

"Njoo basi, wewe uliyezoea kulala," aliniambia. "Uone tunavyowalinda."

Kibanda chake ni miti minne na turubai. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, yameanza kubeba. Pembeni, kwenye chungu kilichovunjika, alikuwa amewasha tofali la kinyesi cha ng'ombe lililochanganywa na pilipili. Moshi ule ukikuingia machoni unaelewa mara moja kwa nini tembo naye haupendi. Tukakaa. Aliniuliza habari za watoto, bei ya sukari Mbarara, kama mke wangu bado anaumwa meno. Nikamsimulia kuhusu faru, jinsi wa mwisho Uganda walivyoisha mwaka 1983, wengine wakaletwa kule Ziwa, hifadhi ya faru, kuanzia mwaka 2005, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa huko mwaka 2009 akaitwa Obama kwa sababu baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyanyua mkono, nyamaza.

Sikusikia kitu.

Kisha nikasikia, na sauti haikuwa ya kelele. Ilikuwa kama mtu anavunja miwa bila haraka. Krak. Kimya. Krak. Na chini yake ngurumo ndogo, ya tumboni, ambayo niliihisi kifuani kabla masikio hayajaipata.

Mama mdogo aliwasha tochi. Ukuta wa kijivu, na sikio. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati.

"Mzee," akasema, kwa sauti ileile aliyoniulizia bei ya sukari. "Jana umekula. Leo pita."

Tembo hakupita. Alivuta bua jingine. Mama mdogo alimwambia tena. Mara ya tatu hakusema, alilipiga debe kwa mti, na mimi nikajikuta nimesimama nyuma yake, mwanamume mzima nimejificha nyuma ya bibi wa miaka karibu sabini. Yule mnyama aligeuka, akatembea kuelekea gizani kwa namna ya mtu aliyekumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

"Huyo simwogopi," alisema. "Yupo mwingine hana pembe moja, huyo ndiye hana adabu."

Asubuhi tulihesabu mistari iliyolala. Kumi na mmoja.

Sasa kuna sheria. Tangu mwaka 2019 sheria ya wanyamapori inasema mtu akiharibiwa mali na mnyama alipwe fidia, na kabla ya hapo kulikuwa na ule utaratibu wa asilimia 20 ya viingilio kurudi kwa majirani wa hifadhi. Nilimkumbusha. Alinitazama kama nimemwambia kuna mvua Kampala.

"Ile asilimia ilijenga darasa," alisema. "Darasa zuri. Lakini darasa halichemshwi."

Na fidia? Fomu ameijaza mara mbili, mjukuu wake akapiga picha mahindi yaliyolala, akazituma. Jibu linakuja.

Nikamwuliza swali ambalo ninyi mnaokaa mjini mngemwuliza, la kama angependa tembo hawa wasiwepo kabisa. Alikasirika, na sikutarajia.

"Nani kasema afe? Sitaki afe. Nataka anilipe."

Akachukua panga kukata mabua yaliyovunjika ili ng'ombe wale. Akiwa ameinama akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: "Enzi za waya wa baba yako mdogo hawakuja hapa."

Si kwa sababu ya waya. Waya haumzuii tembo mzima. Hawakuja kwa sababu hawakuwepo. Miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo karibu 30,000. Zikaja bunduki za miaka ya Amin na vita vya 1979, na ilipofika mwaka 1980 ndani ya Malkia walibaki kama 150. Mimi nilikulia katika ukimya huo nikadhani ndiyo hali ya kawaida ya dunia, kwamba mahindi hulala usiku na watu pia. Tembo wamerudi. Sisi tunaosoma ripoti tunashangilia mstari unaopanda kwenye mchoro, na mstari huo ukiufuata mpaka chini unafika kwenye shamba hili, unakula mistari kumi na mmoja.

Magoti

Baba mdogo nilimkuta chini ya mwembe, amekalia kiti cha mbao, redio pembeni.

Nilikuwa nimemletea zawadi ambayo mpaka nafika sikuwa na hakika nayo. Kule Pakwach, jirani na hifadhi ya Murchison Falls, kuna watu wanaotengeneza sanamu za wanyama kwa nyaya za mitego iliyokusanywa porini. Nilikuwa nimenunua simba mmoja, ukubwa wa kiganja. Aliipokea, akaigeuza tumbo juu, akavuta uzi mmoja kwa ukucha.

"Aliyesokota hii alikuwa na haraka," alisema. Akaiweka juu ya redio.

Nikamwonyesha video. Macho yake si mazuri, kwa hiyo nilimshikia simu karibu. Hakusema kitu mpaka ilipofika mwisho. Akaniambia irudishe. Mara ya pili alikuwa anahesabu, midomo inacheza: moja, mbili, tatu.

"Mguu ulikwenda na nini?"

"Mtego, baba."

"Mtego gani? Waya wa tairi?"

"Hapana. Chuma. Ule wa kubana."

Alipumua. Nililisikia pumzi lile.

"Basi si wangu," alisema. "Mimi chuma cha kubana sikuwahi kushika. Kile ni cha watu wabaya."

Nilikuwa nimesafiri na maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akijitetea kwa habari za mgodi na njaa, na nilikuwa nimejiandaa, kama niseme ukweli, kumsamehe, kana kwamba ni mimi wa kusamehe. Nilitaka pia kisa. Nilitaka aniambie kuna asubuhi moja alikuta kitu kwenye tanzi, akalia, akatupa nyaya mtoni. Hadithi kama hiyo ingeingia vizuri sana hapa.

"Kwa nini uliacha?" nikamwuliza.

"Magoti."

Nikasubiri.

"Magoti, mwanangu. Kutoka hapa mpaka kwenye maji ni saa tatu kwenda. Kurudi umebeba. Goti la kulia lilianza, la kushoto likafuata. Mwaka ule wa mafuriko nikaona basi."

Kisha, bila mimi kuuliza: "Yule wa Bwindi walimpa miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja," alirudia, polepole. Alimtazama yule simba wa waya juu ya redio. "Na alipofika ng'ambo, huyu wako. Alipata jike?"

Nikasema sijui. Akaonekana kusikitika kweli kweli, kuliko nilivyosikitika mimi siku nilipoweka bendera. Alianza kunieleza simba wa upande wa kaskazini wanapolala kiangazi, jike gani alikuwa na tabia ya kuwaficha watoto kwenye vichaka vya mfereji, jinsi dume akinguruma usiku unavyoweza kujua amesimama au ametembea. Alizungumza karibu saa nzima. Nimesoma makala nyingi kuhusu simba, na sijawahi kukutana na mtu anayewafahamu namna ile. Alijifunza akiwa amejificha, usiku, na waya begani.

Sikumwambia kuhusu waya wa kwanza, ule ambao Jacob alinaswa nao kabla ya chuma. Alishasema si wake. Alikuwa ameshapumua.

Mafuriko

Nilishapita Katunguru wakati wa kurudi, samaki wawili safari hii na nikawala, ndipo neno moja likaniketi kifuani.

Mwaka wa mafuriko.

Kwetu Kasese ukisema "mwaka wa mafuriko" kila mtu anaitikia kichwa, na kila mtu anaitikia mafuriko yake. Mto Nyamwamba ulivunja kingo Mei 2013, ukabeba nyumba na madaraja. Ukavunja tena Mei 2020, ukaingia mpaka hospitalini Kilembe. Video ilipopigwa Jacob alikuwa na miaka kama kumi. Mafuriko ya kwanza yalitokea kabla hajazaliwa, au karibu na hapo. Mafuriko ya pili yalimkuta dume mzima, miezi michache kabla ya kupoteza mguu.

Naweza kupiga simu. Ni swali la maneno mawili, mafuriko yapi. Wiki mbili sasa sijapiga. Hata jibu likiwa 2013 halinipi nilichotaka, kwa sababu waya uliofungwa kwenye mzizi hauondoki na aliyeufunga. Unabaki pale na jicho lake wazi mvua baada ya mvua, na kuna alionyoosha mtoto wa miaka kumi kwenye mti wa mpera.

Asubuhi ile kabla ya kuaga nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua shati langu. Lilikuwa limelowa umande wa kibandani na mama mdogo alikuwa ameliosha na kulianika. Nilipoliondoa ndipo nikaona kamba ya kuanikia. Nyuzi nne zimesokotwa, mkono niliokuwa naufahamu, kutoka kwenye mpera mpaka nguzo ya choo, na kwenye ncha moja, pale ilipofungwa, jicho dogo.

Nilipitisha kidole juu yake nikitafuta kutu. Kidole kilitoka kisafi. Lakini pale hupita nguo mbichi kila siku, na nguo husugua.